KINGA YA MOTERI: NAMNA TULIVYOJIFUNZA KUSIMAMA

Wanafunzi wenzetu, na ninyi waalimu wetu,

Tangu mwanzo wa trimesta hii watu wengi wanatuuliza habari ya ile kinga yenye moteri inayolala katika atelye, nyuma ya darasa. Wengine wanauliza inakimbia namna gani. Wengine wanauliza kama ni kweli ilivunja mtu mfupa. Tumeona vizuri tuandike habari yote hapa, toka mwanzo mpaka mwisho, kusudi kila mtu asome mwenyewe na maneno ya barabarani yaishe. Sisi tulioitengeneza tuko watano, wote wa mwaka wa tano. Hatutataja jina la mtu hata mmoja, sababu kazi ilikuwa yetu sote, na kosa vilevile lilikuwa letu sote.

ILIANZA NAMNA GANI

Papa wa mmoja wetu alikuwa mchuuzi. Alikuwa na kinga Phoenix nyeusi, ya gurudumu 28, yenye freni za vyuma virefu kama zile za zamani. Kwa kinga hiyo alipeleka ndagala toka Uvira mpaka Kiliba na Sange, akirudi na mchele au mihogo. Alikufa miaka minne iliyopita. Mama hakutaka kuiuza. Aliifunga kwa kamba chini ya paa la jikoni, na pale ilikaa ikila moshi.

Siku moja tulikuta katika bibliotheke kitabu chenye picha za moto za kwanza kabisa duniani. Tulicheka. Kumbe moto ya kwanza ni kinga tu! Iko na pedali, iko na kiti cha ngozi, moteri imefungwa katika kadre, na mkanda unatoka kwa moteri mpaka gurudumu la nyuma. Tangu siku ile hatukuongea habari nyingine wakati wa rekreasyo.

Tulisoma kwamba mwaka 1897 ndugu wawili, Michel na Eugène Werner, Warusi waliokaa Paris, walianza kuuza kinga yenye moteri, na ndio wao walioiita «motocyclette». Moteri waliiweka mbele, juu ya gurudumu. Lakini uzito ulikuwa juu mno, na barabara ikilowa, mtu aliteleza na kuanguka. Mwaka 1901 waliishusha moteri chini, katikati ya kadre, karibu na pedali. Angalieni moto zote zinazopita hapa njiani: mpaka leo moteri ingali pale pale. Huko Ubelgiji, katika mji wa Antwerpen, kampuni Minerva ilianza kwa kutengeneza kinga, halafu ikatengeneza moteri ndogo za kufunga kwa kinga. Triumph ya Uingereza ilipotengeneza moto yake ya kwanza mwaka 1902, ilitumia moteri ya Minerva.

Lakini habari iliyotushika zaidi ni ile ya Japani. Mwaka 1946 vita ilikuwa imekwisha, na watu hawakuwa na njia ya kusafiri. Katika mji wa Hamamatsu, Soichiro Honda alipata moteri ndogo zilizokuwa za grupe za kutolea umeme wa redio za jeshi. Akazifunga kwa kinga. Hata resavwari yake ya kwanza ya esansi ilikuwa chombo cha kutilia maji ya moto, kile Wajapani wanacholala nacho wakati wa baridi. Tukaangaliana. Grupe ndogo za umeme, hapa kwetu ziko ngapi? Kila mwenye kunyoa watu na kila mwenye kusharjia simu yuko nayo moja, na nyuma ya nyumba yuko na nyingine iliyokufa.

Tulienda kwa kinyozi wa karibu na soko. Grupe yake ilikuwa imeungua upande wa umeme, lakini moteri ilikuwa nzima. Ni moteri ya tempo mbili, ya santimeta kibu 63. Tulimfyatulia matofali wiki mbili za likizo ya Pasaka, naye akatupa ile grupe.

NENO LA MAMA

Kinga ilibaki. Tulienda sote watano kumwomba mama. Alitusikiliza huku akichagua mchele. Kiisha akasema:

– Kinga hii ilisomesha watoto wane. Musikate hata kipande. Musitoboe hata tundu moja. Siku nitasema murudishe, mutairudisha vile niliwapa.

– Hakuna shida, mama.

Tulisema «hakuna shida» upesi sana. Shida tuliiona baadaye. Mtu mwenye kutengeneza kitu kama hiki anataka kuunganisha chuma na chuma kwa moto wa soda, na kazi imekwisha. Sisi tulikatazwa. Basi kila kitu tulikifunga kwa kolye za chuma, na chini ya kila kolye tuliweka kipande cha mpira wa ndani wa pine kusudi rangi isikwaruzike. Mwishoni tuliona kwamba katazo la mama lilitusaidia. Kila kitu kilichokaa vibaya tulikifungua na kukifunga tena, mara kumi kama ilipaswa.

KAZI YENYEWE

Kwanza tulitoa moteri katika sanduku la grupe. Kutoa ile sehemu ya umeme kwenye mhimili wa moteri kulitugharimu siku tatu, sababu mhimili umechongwa kama koni na umebanwa kwa bulo ndefu. Fundi mwenye mashini ya kukereza chuma alitutengenezea puli ya sentimeta 6 yenye tundu la koni vilevile.

Kwa gurudumu la nyuma tulichukua janti ya kinga ya mtoto, tukaipima: sentimeta 48. Tuliifunga kwa rayo, upande wa kushoto, kwa nyaya na bulo ndogo. Mkanda, ulionunuliwa kwa mwenye kinu cha kusagia mihogo, unakaa ndani ya janti hiyo kama katika puli kubwa. Ndivyo walivyofanya wazee wa zamani, ila wao mara nyingi walitumia mkanda wa ngozi.

Ambreyaji hatukuwa nayo. Tulitengeneza mkono wa mti wenye rulema moja mwishoni. Ukivuta mkono, rulema inakaza mkanda, na moteri inasukuma gurudumu. Ukiachilia, mkanda unalegea, na moteri inazunguka peke yake. Kuamsha moteri hakutaki kamba: unapiga pedali, kinga ikipata mbio unavuta mkono, moteri inaamka.

Esansi ya moteri ya tempo mbili inachanganywa na mafuta. Kwa moteri yetu ni mililita 20 za mafuta kwa litre moja ya esansi. Tulipima kwa sindano ya farmasi isiyo na ncha. Mafuta yakipunguka, pistoni inashika. Yakizidi, buji inachafuka na moshi unafukuza kuku.

HESABU YA MWALIMU

Mwalimu wetu wa fizika alikuja atelye. Hakusema neno. Alizunguka kinga mara mbili, akachukua chaki, akaandika kwa ukuta:

Moteri ya grupe inazunguka mara 3 000 kwa dakika, sababu umeme wake unataka hivyo. Puli sentimeta 6, janti sentimeta 48: 48 kugawanya kwa 6 ni 8. Gurudumu litazunguka mara 375 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni meta 2,20. Basi ni meta 825 kwa dakika, nayo ni kilometa 49 na nusu kwa saa.

Tulipiga makofi. Yeye hakucheka.

– Na mutasimama na nini?

– Na freni, Mwalimu.

– Freni ya nini?

– Ya kinga.

Akaandika tena. Mtu wa kinga anaenda kilometa 25 kwa saa akikaza sana. Ukizidisha mbio mara mbili, nguvu unayopaswa kuizima haizidi mara mbili tu, inazidi mara nne. Freni ileile, mpira uleule, lakini kazi mara nne. Akatuagiza mambo mawili. La kwanza, tuweke mhimili wa katikati wenye puli ya sentimeta 12 na puli nyingine ya 6, kusudi mbio ipungue nusu na nguvu ya kusukuma iongezeke. La pili, tusiguse regulateri, kile chombo kinachofunga esansi kidogo moteri ikitaka kupita kipimo chake.

Tulisema: Ndiyo, Mwalimu.

KOSA LETU

Ndugu, hapa ndipo pagumu kuandika. Mhimili wa katikati ulitaka wiki mbili tena. Sikukuu ya shule ilibaki siku nane. Tulitaka kuingia uwanjani na kinga inayolia, wote watuone. Tena regulateri ilitusumbua, sababu kila tukivuta gazi, yenyewe inarudisha. Basi jioni moja tuliifungua, tukafunga kamba ya gazi moja kwa moja kwa karbirateri. Mhimili wa katikati tuliuacha. Mwalimu hatukumwambia.

Kesho yake, siku ya posho, tulitoka na kinga kwa njia ya nyuma inayoshuka kuelekea ziwa. Mdogo wetu kwa kimo alipanda, sababu ni mwepesi. Tulisukuma. Mara ya tatu moteri iliamka. Tulipiga kelele za furaha, na kinga ikaondoka kweli.

Halafu sauti ya moteri ikabadilika. Ikapanda, ikapanda. Kamba ya gazi ilikuwa imenasa. Yeye alivuta freni zote mbili, na mpira mmoja wa zamani ukachomoka. Hakukumbuka mkono wa mti, sababu hatukumfundisha. Kizimio cha moteri hakikuwako, sababu tulikiacha kwa sanduku la grupe tukisema hakina kazi. Akageuza gido, akaingia katika mfereji. Tulipofika, moteri ilikuwa ingali ikilia, na yeye analia vilevile. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, ule mwembamba wa mbele.

Tungesema kweli siku ile ile, habari ingeishia pale. Lakini kwa kituo cha afya tulisema alianguka katika mti wa mwembe. Kwa Bwana Prefe tulisema hivyo hivyo. Kinga tuliificha katika atelye chini ya magunia. Mama wa mwenzetu aliuza vikwembe viwili kulipa matunzo.

Siku ya tatu mwenzetu alitujia, mkono umefungwa kifuani. Alisema:

– Mama alienda kugombana na yule mzee mwenye mwembe. Ati anaacha watoto kupanda. Mzee anasema ataukata.

Wote munaujua mwembe ule, unaotupa kivuli tukingoja kengele. Tulienda mbio. Tulimkuta mzee amekaa kwa kigoda, ananoa shoka. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba mti uliopandwa na baba yake umevunja mtoto wa mtu, basi hauna maana tena. Hatukuweza kumeza mate. Pale pale, mbele ya mzee, tulisema habari yote. Alituangalia mmoja mmoja. Kiisha akaweka shoka nyuma ya mlango, akasema:

– Muende kwa mama yake. Mimi si wa kwanza kuambiwa.

Tulienda kwa mama wa mwenzetu, halafu kwa Bwana Prefe, halafu kwa Mwalimu. Prefe alitupa siku za posho tatu za kukata majani, akafunga moteri katika ofisi yake mpaka mwisho wa trimesta. Vikwembe tulivilipa kwa matofali, na hiyo haikuwa malipizi, lilikuwa deni. Mwalimu hakutupa azabu. Alisema tu: «Mulisema ndiyo.» Neno hilo lilituuma kuliko majani yote tuliyokata.

Mwisho tulipeleka kinga kwa mama mwenye kinga. Furshe ilikuwa imepinda. Alipitisha mkono juu yake polepole.

– Furshe hii, papa yenu aliinyoosha mara mbili. Munazani ninyi ni wa kwanza kuanguka nayo?

Tulinyamaza.

– Lakini yeye, akianguka, alikuja kuniambia siku ile ile.

Kiisha akaturudishia kinga.

TULIVYOANZA UPYA

Moteri ilipofunguliwa, hatukuigusa kwanza. Tulianza na kusimama. Tuliandika kwa ubao mambo yanayoweza kusimamisha kinga yetu, na tulikata shauri kwamba haitatoka mpaka yote yafanye kazi, na kila mpandaji ayajue kwa mikono, hata akifumba macho.

La kwanza ni kizimio. Ni kitufe kidogo kwa gido. Ukikifinya, umeme wa buji unaenda kwa chuma cha moteri badala ya kwenda kwa buji, na moteri inakufa mara moja. Kilitugharimu waya wa meta moja tu. Meta moja ya waya, na mfupa wa mtu!

La pili ni mkono wa mti. Sasa una springi inayouvuta upande wa kulegea. Ukitaka mwendo, lazima uushike. Ukiogopa na kuachilia, kinga inarudi kuwa kinga.

La tatu ni freni. Mipira yote mine ni mipya, na vyuma vyake tulivinyoosha na kuvipaka grisi. Kamba ya gazi vilevile tuliwekea springi ya kuirudisha.

Regulateri imerudi mahali pake. Mhimili wa katikati uko, umetengenezwa kwa mhimili wa pedali wa kinga iliyokufa. Sasa mkanda wa kwanza unapunguza mara 2, wa pili mara 8, pamoja ni 16. Kwa hesabu, kilometa 24 na robo tatu kwa saa. Tulipima meta 500 kwa njia ya shule: sekunde 75, maana yake kilometa 24. Mwalimu alisema ile kidogo iliyopotea ni mkanda unaoteleza. Tulifurahi kuona hesabu na kinga vinasema neno moja.

Kwa mlima mdogo wa kapela, ile kinga ya kwanza ya kilometa 49 haingaliweza kupanda. Hii inapanda, mpandaji akisaidia kidogo kwa pedali. Basi mtu anayetaka mbio nyingi, moteri yake ndogo inamwacha chini ya mlima.

Siku ya kwanza ya kutoka, mama mwenye kinga alikuja kuangalia. Mwenzetu aliyeumia ndiye aliyepanda, kwa kutaka kwake mwenyewe. Alifinya kizimio mara tatu kabla ya kuondoka, moteri ikafa mara tatu. Halafu akaenda mpaka mwembe, akageuka, akarudi, akasimama mbele yetu bila kutetemeka. Mama aliangalia kinga toka mbele mpaka nyuma.

– Kengele iko wapi?

Tuliitoa kusudi tupate mahali pa kuweka gazi. Tuliirudisha siku ile ile.

Bwana Prefe ametoa ruhusa kinga itembee katika kiwanja na njia ya shule tu, si kwa barabara kubwa. Kila siku ya posho, kiisha salongo, tuko atelye. Mwenye kutaka kuona, aje. Mwenye kutaka kupanda, atafundishwa kwanza kusimama, hata akiwa wa mwaka wa sita.

Tena tunaomba: mwenye mipira ya freni ya zamani nyumbani, hata ikiwa nusu, atuletee. Mipira inaisha upesi kuliko esansi.

Sisi watano wa mwaka wa tano